Jenereta ya Bi Afra

Umeme ulipokatika Jumamosi ile mchana, Ummukulthum alikuwa jikoni anakata vitunguu, na wala hakushtuka. Aliweka kisu chini, akasema, "Haya, wameanza tena," akajifuta mikono. Kutoka chumba cha mbele alisikia mashine ya oksijeni ya mama mkwe wake inapiga kelele, pii, pii, pii, kama inavyofanya kila inapokosa umeme. Mtaa wao wa Walthamstow, London, ulikuwa na waya mkongwe chini ya ardhi. Tangu baridi ianze, kampuni ya umeme ilikuwa imechimba barabara, ikafukia, ikachimba tena palepale, na waya haukupona.

Kwa hiyo alijua la kufanya. Aliuchomoa mpira wa pua wa Bi Afra kwenye mashine, akauchomeka kwenye mtungi wa akiba waliopewa na hospitali, akafungua koki. Mtungi ule ulikuwa wa kuvushia tu. Nusu yake ilikwisha umeme ulipokatika wiki iliyopita, na mwingine walikuwa wameahidiwa Jumatatu. Akiba yenyewe hasa ilikuwa jenereta iliyokaa uani, na Ummukulthum akatoka kwenda kuiwasha.

Uani alikuta turubai limekunjwa vizuri. Juu ya turubai kulikuwa na mnyororo, nao umekunjwa vizuri, na kufuli liko wazi. Jenereta haikuwapo.

Alisimama pale na kanga yake kichwani, akilitazama turubai. Mwizi hakunji turubai. Mwizi hakunji mnyororo. Hii ilikuwa kazi ya mtu mwenye adabu, na watu wenye adabu ndio waliokuwa wanammaliza Ummukulthum.

Kampuni ya umeme ndiyo iliyowatia katika habari za jenereta. Miraji, mumewe, alikuwa amewapigia simu kulalamika kwamba mama yake anapumua kwa mashine, na wao wakamjibu kwa upole mkubwa kuwa mteja asiyeweza kukaa bila umeme anashauriwa ajipangie akiba yake mwenyewe. Miraji akajipangia. Alinunua jenereta iliyotumika kwa fundi mmoja wa ujenzi, akavuta waya mrefu kupitia dirisha la jikoni, akamwonyesha mama yake jinsi inavyowashwa, na kwa muda nyumba ikatulia.

Tatizo ni kwamba Miraji alikuwa mwenyekiti wa chama cha Wazanzibari wa upande ule wa London, na jenereta ya mwenyekiti ilijulikana upesi kuliko mwenyekiti mwenyewe. Kwanza ilikwenda kwenye maulidi. "Ni shughuli ya Mtume, Mama Malak, ningesemaje?" Miraji alimwambia mkewe. Kisha ikaenda Idi, watu walipokutana bustanini. Kisha ikaenda kwa Alnashir wa Rayners Lane, aliyekuwa anauza mishikaki kwenye maonyesho na ambaye hata si mwanachama. Kila ikirudi, tangi halina petroli hata tone. Mara moja ilirudi na punje za pilau zimeganda juu yake, na Ummukulthum akakesha anajiuliza ni binadamu gani anayepakua pilau juu ya jenereta.

Ndipo aliponunua mnyororo na kufuli. Likabaki suala la ufunguo. Kumpa Miraji ilikuwa sawa na kuuacha mlangoni. Kukaa nao mwenyewe haikuwezekana, kwa sababu siku za kazi alikuwa karani kwenye ofisi za halmashauri kutwa nzima, na umeme haumngoji karani. Akafikiri, akaona hapana mtu duniani atakayeilinda jenereta ile kuliko mwenye pumzi yake. Akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga ya Bi Afra, mafundo mawili.

"Umeme ukikatika sipo, muite jirani umpe afungue. Lakini usimpe mtu mwingine, Mama. Hii ni roho yako."

"Nimpe nani, mwanangu?" Bi Afra alicheka. "Mimi mwendawazimu?"

*

"Mama," alisema Ummukulthum aliporudi ndani, "ufunguo uko wapi?"

Bi Afra alikuwa ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni, mpira puani. Aligeuza uso dirishani.

"Ufunguo gani?"

"Mama."

Pindo la kanga lilikuwa limelegea, halina kitu. Bi Afra alilivuta akalificha chini ya shuka, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Mke wa Soud wa Croydon alikuja juzi kuniangalia," alisema. Ilimbidi apumzike kila baada ya maneno machache. "Maskini, binti yao anaolewa leo. Wamepiga hema nyuma ya nyumba, na nyumba yenyewe haistahimili. Wakiwasha taa, na mabirika, na spika, fyuzi zinakufa. Analia, mwanangu. Ningemwacha alie mbele yangu?"

"Akakuomba jenereta?"

"Hakuomba! Yule mtu mwenye haya zake, hawezi kuomba kitu cha mgonjwa. Ametaja tu."

"Ametaja tu."

"Nami nikampa. Mwanawe mkubwa alikuwa nje na gari. Wanairudisha kesho."

Ummukulthum aliketi kwenye ncha ya kitanda. Alitaka kupiga ukelele, lakini huwezi kumpigia ukelele mama mkwe, tena anayepumua kwa mtungi.

"Mama, nilikwambia."

"Kitu kimekaa uani bure, kinapigwa mvua."

"Hakikukaa bure. Kilikuwa kinakungoja wewe."

Mshale wa mtungi ulikuwa umeshaingia kwenye sehemu nyekundu. Ummukulthum aliuona, akasimama, akatafuta simu.

*

Miraji alikuwa harusini Croydon tangu asubuhi, kwa sababu harusi bila mwenyekiti haijakamilika. Ummukulthum ndiye aliyebaki na mgonjwa, na gauni lake jipya lilibaki limetundikwa mlangoni.

"Baba Malak, umeme umekatika na jenereta haipo."

Upande wa pili kulikuwa na kasida, na chini ya kasida kulikuwa na mngurumo ambao Ummukulthum aliutambua kabla mumewe hajasema neno.

"Naiona," alisema Miraji.

"Unaiona wapi?"

"Hapa. Wameiweka nyuma ya hema. Niliiona nilipofika."

"Uliiona ulipofika, hukuniambia?"

"Nilidhani wewe ndiye uliyeitoa."

Ummukulthum aliushika ukuta. Yeye! Yeye aliyenunua mnyororo!

"Izime. Ipakie garini uje."

"Sasa hivi?"

"La, mwaka ujao. Miraji, mtungi unakwisha!"

Alipokata simu, Miraji alikwenda kwa Soud. Soud alikuwa amevaa joho na kilemba, uso unang'aa kwa jasho na furaha. Alimkumbatia Miraji kana kwamba hawakuwa wameamkiana asubuhi. Miraji akamnong'oneza. Furaha ya Soud ikapungua kidogo, si sana.

"Lahaula. Bi Mkubwa hajambo lakini?"

"Yuko kwenye mtungi. Nataka niiondoe."

"Ichukue, yakhe, yako hiyo. Nani atakuzuia?" Soud alimshika bega. "Ila bwana harusi ndiyo kwanza anateremka garini. Sheikh anaanza khutba ya ndoa. Ukizima sasa, maikrofoni inakufa na sheikh katikati ya aya. Ngoja khutba iishe. Fupi tu."

Miraji alizunguka nyuma ya hema, akasimama mbele ya jenereta. Swichi ilikuwa nyekundu, kubwa kuliko kidole gumba. Ilitaka kubonyezwa tu. Alinyoosha mkono. Mzee mmoja wa chama akamwona, akaja na kikombe. "Mwenyekiti, umejificha huku? Karibu chai." Miraji akampa mkono mmoja wa salamu, akapokea chai kwa ule mwingine. Sasa mikono yote ilikuwa na shughuli.

Simu ikalia tena.

"Umeshaizima?"

"Wako kwenye khutba, Mama Malak."

"Mama yako pumzi yake ni ya khutba ngapi?"

"Soud anasema fupi tu."

"Mtie Soud kwenye simu."

"Haifai, ndiye anayeozesha."

Ummukulthum alikata. Alijua vizuri kwamba hata Miraji angeizima tangu mwanzo, kutoka Croydon hadi Walthamstow siku ya Jumamosi ni safari, na mtungi usingengoja. Hesabu hiyo alishaipiga. Lakini alitaka aizime. Alitaka kusikia mngurumo ule unakatika kwenye simu, na kasida inakatika, na watu wote waliovaa vizuri wakae kimya wajiulize kuna nini.

*

Aliipigia kampuni ya umeme. Kwanza muziki. Kisha sauti ya kumshukuru kwa uvumilivu. Kisha muziki. Kisha kijana mmoja mwenye sauti ya kuamka usingizini, aliyemwambia kuwa mafundi wako njiani na hajui watafika lini. Ummukulthum alimweleza habari za mashine na mtungi kwa Kiingereza chake cha ofisini, polepole, ili asipaze sauti.

Kijana akamuuliza kama nyumba yao imejipangia akiba ya umeme.

"Tumejipangia," alisema Ummukulthum.

Kijana akasema hilo ni jambo zuri sana.

"Iko Croydon," alisema Ummukulthum. "Inapiga harusi."

Kijana akasema kama kuna hatari kwa maisha ya mtu ni vyema waite gari la wagonjwa.

Bi Afra alikuwa amelisikia neno hilo. Kiingereza chake kilikuwa kichache, lakini neno hilo alikuwa nalo.

"Usiniletee king'ora mlangoni," alisema. "Mtaa mzima utatoka. Watasema nimekufa."

"Na ukifa hawatasema?"

Alijuta papo hapo. Bi Afra alimtazama tu, mdomo umeanza kuwa wa rangi ya zambarau pembeni, kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu, kama mtu aliyepanda ngazi nyingi. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa. Ummukulthum alipiga simu. Alipomaliza, alipanda kitandani nyuma ya mama mkwe wake, akamwegemeza kifuani, akafungua dirisha kwa mkono mmoja, na baridi yote ya mtaani ikaingia.

"Vuta, Mama. Vuta taratibu. Usiseme."

"Mwambie Miraji," alianza Bi Afra.

"Usiseme!"

Mtaa mzima ulitoka, kama alivyoogopa. Walisimama na makoti yao na mifuko yao ya sokoni, wakamtazama Bi Afra anapitishwa kwenye kiti cha magurudumu, kanga imemkaa upande. Ummukulthum alikimbia pembeni anajaribu kuivuta imfunike nywele. Mtu wa gari la wagonjwa alikuwa anamwomba asogee.

Croydon khutba ilikuwa imekwisha, na watu walikuwa wanapitisha halua. Miraji alikuwa palepale nyuma ya hema, kikombe kitupu, anajiambia kwamba sasa, sasa ndiyo ataizima, wakishamaliza kupeana mikono tu. Ujumbe ukaingia kwenye simu: "Tunakwenda hospitali." Aliusoma. Na jambo la kwanza alilolihisi, Mungu amsamehe, lilikuwa nafuu. Hakukuwa na haja tena ya kuizima. La pili lilikuja nyuma yake, na hilo likamfanya akimbilie garini bila kumuaga mtu.

*

Madaktari walimwahi. Jioni Bi Afra alikuwa kwenye chumba cha peke yake, barakoa usoni, sindano mkononi, amedhoofika kuliko alivyowahi kuonekana. Miraji alikuwa ameketi upande mmoja wa kitanda na nguo zake za harusi, Ummukulthum upande mwingine na kanga iliyonuka vitunguu.

Bi Afra alifumbua macho, akasogeza barakoa kidogo.

"Harusi haikuzimika?"

"Haikuzimika, Mama," alisema Miraji.

"Alhamdulillahi. Ungewaaibisha watu." Akarudisha barakoa, akampapasa mwanawe mkono. Miraji aliinamisha kichwa, na Ummukulthum akatoka nje ya chumba kwa sababu angebaki angesema neno ambalo halirudi.

Muuguzi alimkuta koridoni. Alikuwa Mkenya, Sista Jane Wanjohi, mwanamke mnene mwenye hatua za haraka, na alipolisikia jina la mgonjwa alianza Kiswahili bila kuuliza.

"Pole sana mama. Kuja tuongee kidogo, daktari anataka kujua mambo ya nyumbani." Alirudi naye chumbani, akafungua faili. "Huyu mgonjwa hawezi kaa bila oxygen. Stima ikipotea kwenu mnatumia nini?"

"Jenereta," alisema Ummukulthum.

"Leo ilikataa kuwaka?"

Alikuwa amewapa njia, bila kukusudia. Miraji aliidaka haraka. "Ndiyo, Sista. Iliharibika. Hizi mashine za zamani, unajua."

Ummukulthum alimtazama mumewe. Alikuwa amechoka hata hasira ilimwia nzito.

"Haikuharibika," alisema. "Nzima kabisa. Tuliiazimisha harusini."

Afadhali muuguzi angekuwa Mwingereza, angedhani hakuelewa lugha. Lakini Sista Jane alielewa kila neno. Aliweka kalamu chini.

"Mlipeana generator ya mgonjwa? Watu wacheze harusi?"

"Ndiyo."

"Na mgonjwa mwenyewe alijua?"

"Ndiye aliyeitoa."

Sista Jane alimgeukia Bi Afra, ambaye alikuwa amefumba macho kwa bidii ya mtu asiyelala. Alitikisa kichwa polepole. "Hata sisi kwetu tunajua kusaidiana, mama. Lakini hii? Sikilizeni. Daktari hatamwachilia aende nyumbani hivi hivi. Atamtafutia makao ya wazee yenye stima ya kuaminika. Kama hamtaki hivyo, lazima nimwambie kuna mtu kwa hiyo nyumba anaweza kulinda hiyo kitu. Mtu wa kukatalia watu. Nimwandike nani?"

Miraji alitazama viatu vyake. Makao ya wazee! Mama yake, aliyemleta London kwa mkono wake, alale katikati ya wageni ambao hata salamu yake hawataijua. Hakuwa na jina la kutaja.

"Nitarudi," alisema Sista Jane, akafunga faili.

*

Kabla hajarudi, walifika wao. Ummukulthum aliwasikia tangu kwenye lifti: vicheko vinavyonyamazishwa, viatu vya visigino, udi unaotangulia. Nusu ya harusi ilikuwa imekuja kumwangalia mgonjwa. Soud alikuwa mbele, bado na joho lake, amebeba sinia la biriani lililofunikwa karatasi ya fedha.

Ummukulthum alitoka akasimama mlangoni.

"Mama Malak," alisema Soud, na sauti yake ilikuwa ya huzuni ya kweli, hilo lazima lisemwe. "Tumesikia, tumekosa raha. Wallahi chakula hakikupita. Tunaomba radhi, sote."

"Ahsante."

"Bi Mkubwa vipi?"

"Anapumua."

"Alhamdulillahi, alhamdulillahi." Soud alihamisha sinia mkono mwingine. Alikohoa. "Sasa, kuhusu ile jenereta. Tungeileta usiku huu huu. Lakini nikawa nawaza, maadam Bi Mkubwa yuko hapa hospitali, na hapa umeme haukatiki, na kesho kina mama wana shughuli yao kwenye hema lile lile..."

Hakumaliza. Labda aliuona uso wa Ummukulthum.

"Hapana," alisema Ummukulthum.

Neno lenyewe halikuwa kubwa, lakini hawakulizoea hivyo lilivyo, bila "labda" mbele yake wala "inshallah" nyuma. Mama mmoja alijirekebisha mtandio. Soud alicheka kidogo, akachungulia juu ya bega la Ummukulthum, akamtafuta mwanamume mwenzake.

"Mwenyekiti?"

Miraji alikuwa amesimama nyuma ya mkewe. Wote walimtazama, wanachama wake, watu waliompigia kura, watu watakaomzika. Alijua anachotakiwa kusema. Alitakiwa acheke, aseme mwanamke kachoka, msimtie maanani, kesho tutaongea. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nyuma yake kifua cha mama yake kilikuwa kinavuta hewa ya hospitali kwa sauti ya karatasi inayochanika.

"Irudi leo," alisema. "Nakuja kuichukua mwenyewe, Soud. Nitaizima mwenyewe. Kina mama wakikaa kizani, na wakae."

Soud aliinua nyusi, akalitazama sinia lake kana kwamba limemponza. Hakuna aliyejua pa kuangalia. Na hapo, kutoka kitandani, barakoa imesogezwa pembeni, ikatoka sauti ya Bi Afra, nyembamba lakini yenye ukarimu wake wote.

"Soud, ndiye wewe? Karibuni, msisimame mlangoni. Mwacheni akae nayo, jamani, amalize shughuli yake. Mimi niko hapa, sina haja nayo."

Soud alipiga hatua moja mbele. Ummukulthum, ambaye tangu aolewe hakuwahi kumkatalia mama mkwe wake neno, alimpokea sinia, akamshukuru, akamfungia mlango.